Kuvaa Kama Mtu Mzima Wakati wa Kaskazi: Mwongozo Kamili kwa Kijana wa Lamu

Kila kaskazi ikiingia, malalamiko ni yale yale. Kijana ametimiza miaka 24, chuo amemaliza, ameajiriwa ofisini au kwenye hoteli ya Shela, na bado akipita uwanja wa Mkunguni wazee wa barazani wanamtuma maji ya kunywa kama mtoto wa madrasa. Anaumia moyo, anadunduliza pesa, ananunua shati la bei kali. Baada ya wiki mbili anarudi kuuliza mbona hakuna kilichobadilika.

Ukimtazama, jibu liko mabegani. Shati limeteremka hadi katikati ya mkono. Ni la poliesta, kwa hiyo saa nne asubuhi mgongo umelowa. Chini amevaa kaptura ya mpira na ndara za bafuni. Hapo bei ina kosa gani?

Nguo ya mtu mzima ni ile inayomkaa, isiyomzidishia jasho, na isiyomfanya mpita njia ainamishe macho kwa haya. Hayo matatu utayapata kwa fundi cherehani na kwenye beseni la kufulia kabla hujayapata dukani. Ndiyo maana humu ndani kununua ni hatua ya tano. Ukiruka moja kwa moja hadi huko, utaishia na shati jingine lisilokukaa.

Ninazungumzia nguo za kawaida za Desemba hadi Machi: za kazi isiyo na sare, za matembezi ya jioni, za kupanda boti kwenda Mokowe. Kanzu ina adabu zake na nitaigusa kidogo tu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Nguo zako zote, pamoja na zilizo kwenye kamba na zile alizoazima ndugu yako.
- Futi ya kamba, ile ya fundi. Rula na macho havitoshi.
- Simu au daftari la kuandikia vipimo.
- Kioo kirefu. Kama hakipo, mtu mkweli. Dada au shangazi anafaa sana. Rafiki wa rika lako hafai, kwa sababu naye amevaa kama wewe.
- Kiberiti, mkasi mdogo na sahani ya bati, kwa ajili ya kupima kitambaa.
- Siki nyeupe, sabuni ya kipande na brashi laini.
- Pasi, ya umeme au ya makaa.
- Hanga za mbao au plastiki. Za waya hushika kutu upesi kwa hewa yetu ya chumvi, na kutu ikiingia kwenye shati jeupe ni shida kuitoa.
- Fundi mmoja uliyeona kazi yake kwa macho yako. Usimchague kwa sababu kibanda chake kiko karibu na kwenu.

## Hatua ya 1: Mwaga kabati kitandani

Toa kila kitu, kisha gawa mafungu matatu: nguo za mjini, nguo za nyumbani na baharini, nguo za kutoa.

Fungu la mjini lina masharti. Nguo isiwe na maandishi makubwa kifuani, isiwe imechanika kwa makusudi wala kwa ajali, na isiwe imepauka kwapani. Kaptura inayoacha goti wazi haiingii hapa hata kama ni mpya. Jezi ya mpira nayo haiingii. Naipenda timu yangu kama wewe unavyoipenda yako, lakini jezi ni ya uwanjani na ya usiku wa mechi. Ukiivaa ofisini Jumatatu, watu watazungumza na wewe habari za mabao tu.

Tahadhari: usitupe kitu leo. Shati pana linaweza kuokolewa na fundi, na fulana zilizochoka ni matambara mazuri ya kupigia viatu rangi. Fungu la kutoa lifunge kwenye mfuko, liwekwe pembeni hadi umalize hatua ya sita.

Umefaulu ikiwa fungu la mjini limebaki dogo hadi linakutia wasiwasi. Wengine hubaki na shati moja na suruali ya harusi ya binamu. Hiyo ni kawaida.

## Hatua ya 2: Jipime, kisha upime shati unalolipenda

Kibandiko cha saizi kwenye nguo usikiamini. Shati la mtumba lililotengenezwa kwa ajili ya Mmarekani na lile la soko la Asia yote yanaweza kuandikwa M, na tofauti yake ikawa kubwa. Juu ya hayo, aliyelivaa mwanzo amelifua mara nyingi na limerudi. Kipimo chako ndicho kitakachokuongoza.

Mtu akupime mambo haya:

1. Mabega, kutoka ncha ya mfupa wa bega moja hadi ncha ya jingine, kwa mgongoni.
2. Kifua, mahali kilipo kipana zaidi, vidole viwili vikiwa ndani ya futi.
3. Kiuno, pale unapovalia suruali kweli, si pale unapotamani kingekuwa.
4. Nyonga, mahali pana zaidi pa makalio.
5. Mguu wa ndani, kutoka msambani hadi chini ya kifundo.

Halafu chukua shati moja unalojua linakukaa. Litandaze juu ya meza, ulifunge vishikizo, upime mabega, upana wa kifua chini ya makwapa, na urefu wa mgongo kutoka chini ya kola hadi pindoni. Hivi ndivyo vipimo utakavyotumia sokoni, maana kwenye mitumba hupati mahali pa kujaribia. Utatandaza tu futi juu ya nguo.

Umefaulu ukiwa na vipimo vinane kwenye simu yako, na unaweza kumtumia mtu aliyeko Mombasa akakununulie bila kukuuliza swali.

## Hatua ya 3: Punguza rangi

Hapa usipoteze muda. Juu: nyeupe, buluu ya mbingu, kijani cha zeituni, na mistari myembamba. Chini: kaki, buluu iliyoiva, kijivu. Kila cha juu kinaendana na kila cha chini, basi asubuhi hufikiri.

Nyeusi iache kwa kaskazi. Inafyonza joto la jua, na jasho likikauka juu yake linaacha mistari myeupe ya chumvi mgongoni. Tena katika vichochoro vyetu punda aliyepakia mchanga hakupishi. Unajibana ukutani, na ukuta wa chokaa unakupaka bega. Kwenye shati la buluu ya mbingu hakuna anayeona. Kwenye jeusi unatembea na muhuri.

## Hatua ya 4: Jifunze kitambaa kwa mkono na kwa moto

Wengi hushindwa hapa bila kujua. Joto la Februari na Machi kwetu limejaa unyevu, kwa hiyo jasho halikauki upesi mwilini. Pamba hunywa jasho na kulitoa polepole. Poliesta hailinywi. Jasho linabaki kati ya ngozi na nguo, na harufu inang'ang'ania kwenye nyuzi hata baada ya kufua. Shati la poliesta linaweza kuwa zuri mno dukani kwenye feni, na likakuaibisha kabla hujafika jetini.

Kibandiko kikiwa kimekatwa, fanya jaribio la moto. Chomoa uzi mfupi kutoka pindo la ndani, uushike kwa kibanio au ncha ya mkasi juu ya sahani ya bati, uuwashe.

- Pamba na kitani huwaka kama karatasi, hunukia karatasi iliyoungua, na huacha jivu laini linalosagika kidoleni.
- Poliesta hujikunja, huyeyuka, hutoa moshi mweusi, na huacha kidonge kigumu kisichosagika.
- Mchanganyiko hufanya yote mawili: unawaka, na unaacha punje ngumu ndani ya jivu.

Tahadhari: fanya hivyo mbali na pazia na feni, na usiguse kile kidonge hadi kipoe, maana kinanata kwenye ngozi. Pia usimwashie mwenye duka uzi bila ruhusa. Nunua kwanza, au omba kipande.

Mchanganyiko wenye pamba nyingi na poliesta kidogo si haramu. Haujikunji sana, na kwa suruali ya kazi ni afadhali kuliko kupiga pasi kila siku. Kwa shati, lakini, shika pamba tupu au kitani.

Kitani kina tabia yake: kinajikunja ukikaa mara moja. Anayekivaa akakaa anakinyoosha kila dakika anaonekana hana raha. Ukikivaa, kubali mikunjo yake. Mimi nakiona ni nguo ya Ijumaa jioni na Jumamosi, si ya mkutano.

Kuna pia viskosi, kile kitambaa laini kinachoteleza kama hariri na kujaa mashati ya maua. Kinavalika kwenye joto, ila kikilowa kinakuwa dhaifu na hurudi vibaya. Usikikamue kwa kukisokota. Kikandamize ndani ya taulo.

Jaribio la mwisho: inua nguo kuelekea dirishani. Ukiona kiganja chako waziwazi hadi mistari, shati hilo litaonyesha singlendi na kila kilicho chini yake. Ukiona kivuli tu cha mkono, linafaa.

Umefaulu ukiweza kugusa shati kwa macho yaliyofumbwa na kukisia kitambaa chake, kisha moto ukakubaliana na wewe.

## Hatua ya 5: Nunua kidogo

Sasa twende sokoni, na orodha iwe fupi:

- mashati 3 ya mikono mifupi, na 1 la mikono mirefu la kukunja
- fulana 3 zisizo na maandishi
- suruali 2
- kaptura 1 inayofunika goti
- kikoi 1 kizuri
- mkanda 1 wa ngozi
- viatu jozi 2

Toa kwenye orodha vile ulivyokwisha kuwa navyo kwenye fungu la mjini. Pesa inayobaki usiimalize. Sehemu ni ya fundi, na sehemu kubwa ni ya viatu.

Kitambaa cha kushonesha unaweza kukipata katika maduka ya Usita wa Mui, lakini ukiwa na safari ya Mombasa pitia Biashara Street, kwani uchaguzi ni mkubwa. Kwa mitumba, soko la Kongowea huko Mombasa ndiko wachuuzi wengi wanakochukulia. Malindi nako hakukosi. Popote uendapo, fika siku wanapofungua mtumba. Kamera, yaani chaguo la kwanza, huondoka asubuhi. Jioni unachokikuta ni fagia, yaani mabaki.

Shati la mtumba likague kwa mpangilio huu, na likishindwa popote lirudishe:

1. Mabega kwa futi. Haya ndiyo yasiyorekebishika kwa urahisi.
2. Kola kwa ndani, mahali panapogusa shingo. Pakiwa pamelika au pana ukingo wa kahawia uliokauka, achana nalo.
3. Makwapa. Geuza ndani nje. Kitambaa kikiwa kigumu kama kilichotiwa wanga, ni jasho la zamani.
4. Mishono ya ubavuni, ukiivuta kidogo.
5. Vishikizo. Kimoja kikikosekana si tatizo. Vyote vinabadilishwa kwa pamoja.

Kwa suruali anza na msamba. Elekeza kwenye mwanga. Nyuzi zikiwa zimeachana pale mapaja yanaposuguana, haitafika Ramadhani.

Tahadhari: shati lenye mabega sahihi lakini pana tumboni, nunua. Shati lenye tumbo sahihi lakini mabega mapana, usinunue hata ukipewa kwa bei ya bure. Sababu iko hatua inayofuata.

## Hatua ya 6: Kwa fundi

Hapa ndipo nguo inapokua. Kama una pesa ya jambo moja tu katika mwongozo huu, ilete hapa na mashati uliyonayo.

Peleka nguo moja kwanza. Si zote. Mpe shati usilolipenda sana, uone mshono wake, uone kama amelinganisha rangi ya uzi, uone kama ametimiza ahadi. Fundi akisema kesho, muulize kesho ya tarehe ngapi.

Nenda na nguo imefuliwa. Ni adabu, na pia ni hesabu. Pamba ambayo haijafuliwa hurudi, na shati lililopunguzwa kabla ya kufuliwa litakubana likishafuliwa. Kitambaa kipya kiloweke usiku kucha, kikaushe, kipige pasi, ndipo kikatwe. Shati la mikono mifupi huchukua kama mita 2 za kitambaa cha upana wa inchi 45, lakini muulize fundi wako kabla hujakata dukani, hasa ukiwa mrefu.

Simama kama unavyosimama siku zote. Vijana wakiona futi hutoa kifua na kuvuta tumbo, halafu shati linashonwa la mtu mwingine. Shusha pumzi.

Kisha mtazame anapobana ubavu kwa pini, na ukague mahali hapa:

*Bega.* Mshono ukae juu ya ncha ya mfupa. Ukiteremka kwa upana wa kidole kimoja, vumilia. Zaidi ya hapo fundi atalazimika kufumua mkono, kukata upya shimo la kwapa na kuurudisha. Kazi hiyo inakaribia kushona shati zima, na mara nyingi mkono unakaa kombo.

*Ubavu.* Hapa ndipo penye nafuu kubwa kwa kazi ndogo. Ukishika kitambaa pande zote mbili, kibaki cha kushikika kwa vidole, kama sentimita 5 kila upande. Mwambie hivi: "Nipunguzie ubavuni, kwapa usiiguse." Kwapa ikibanwa, hewa haipiti na doa la jasho linakuwa mara mbili.

*Mkono mfupi.* Uishie katikati ya mkono wa juu, si karibu na kiwiko. Mkono mpana unaofika kiwikoni ndio unaomfanya mtu aonekane amevaa shati la babake. Nafasi ya vidole viwili kati ya nguo na msuli inatosha. Ukibana zaidi unaonekana unatafuta wa kukusifu.

*Urefu.* Shati la kuachia nje lifunike mkanda na kuishia katikati ya zipu. Yale yenye pindo la duara refu mbele na nyuma yalishonwa ya kuchomekwa. Fundi anaweza kulikata pindo likawa limenyooka.

Sasa jaribio ambalo kioo hakitakupa. Ukiwa mbele ya fundi, inama kama uliye kwenye rukuu. Mtu aliye nyuma aone shati, si mgongo. Likipanda hadi ngozi ikaonekana, ni fupi, na utalijua hilo kwa aibu Ijumaa ya kwanza. Kisha nyosha mikono mbele kama unayevuta kamba ya mashua. Kishikizo cha kifuani kikifunua mdomo, fundi amezidisha. Mwambie aachie palepale kabla hajakata kitambaa kilichozidi. Mwombe pia asikate kabisa ile akiba ya ndani. Mwili wa miaka 24 si wa miaka 28.

Ukishonesha jipya, jaribu kola ya kusimama isiyokunjwa. Shingo inapata hewa, haihitaji pasi nyingi, na inakaa kiheshima bila kuhitaji tai. Ila mpe fundi shati la mfano alitazame. Maelezo ya mdomo huzaa kola ya askari.

Umefaulu ikiwa mtu anakuambia "umenenepa?" au "umekonda?" na hawezi kusema kilichobadilika. Ameona umbo lako kwa mara ya kwanza.

## Hatua ya 7: Chini ya kiuno

Suruali ikae kiunoni bila mkanda. Mkanda ni wa kukamilisha, si wa kuzuia janga. Paja liwe na nafasi ya kushika kitambaa kwa vidole, na mguu upungue taratibu kuelekea chini. Zile za kubana hadi kwenye shavu la mguu ziache: kwa joto hili zinakuchemsha, na kukaa mkekani ni kazi. Pindo liishie juu kidogo ya kiatu bila kujikunja. Mchanga na maji ya kichochoroni yanalifuata pindo refu.

Jaribio: kaa mkao wa kukunja miguu, kisha uende kama unayesujudu. Kiuno cha nyuma kikishuka, suruali ni fupi ya kiuno, na hilo fundi hawezi kuliongeza. Irudishe.

Kaptura ndiyo inayoleta ugomvi. Kwa mwanamume wa Kiislamu, kati ya kitovu na goti hufunikwa, na Lamu hata asiye Mwislamu anajua kuwa kaptura ya pajani ni ya ufukweni. Sikuambii usiwe nayo. Ivae Shela kwenye maji, na ukirudi mjini uwe umebadilisha. Kaptura ya mjini ifunike goti ukiwa umesimama na isiliache wazi sana ukikaa. Iwe ya pamba nzito, kaki au buluu iliyoiva, bila mifuko mikubwa ya ubavuni.

Kikoi kinamaliza ugomvi wote. Jioni, kikoi cha rangi tulivu chenye taraza iliyonyooka, pamoja na shati jeupe la pamba lililopigwa pasi, hakuna mzee atakayekuita mtoto. Kosa la vijana ni kukivaa na fulana ya kampeni iliyopauka, kikaonekana nguo ya kulalia. Kivae kiishie juu ya kifundo cha mguu, ukunjie vizuri kiunoni, na ndani uvae kaptura nyepesi. Upepo wa kaskazi hauna siri.

Kwa kanzu, haya mawili tu: isiburure chini, na ukisimama dhidi ya jua miguu isionekane kama kivuli cha taa. Vaa kikoi au suruali nyeupe ndani.

## Hatua ya 8: Miguuni

Watu hapa hutembea. Magari hayapiti vichochoroni, kwa hiyo miguu yako inaonekana kuliko ya mtu wa Nairobi aliyekaa kwenye matatu.

Jozi ya kwanza iwe makubadhi ya ngozi. Siyu, kwenye kisiwa cha Pate, imejulikana kwa kazi ya ngozi tangu zamani, na ukipata ya mkono wa huko, chunguza mshono unaoshika kamba kwenye soli. Hapo ndipo yanapokatikia. Jozi ya pili iwe raba nyeupe au za kaki zisizo na maandishi, za kitambaa kinachopitisha hewa.

Usishuke botini na makubadhi miguuni. Yavue, yashike mkononi. Yakilowa maji ya chumvi, yasuuze kwa maji matamu siku hiyo hiyo, yakaushe kivulini, kisha uyapake polishi. Ukiyaanika juani yatapinda na kupasuka.

Na magaga yaondoe. Kiatu kizuri juu ya kisigino kilichopasuka hakimsaidii mtu. Jiwe la kusugulia, maji ya uvuguvugu, mafuta usiku. Kucha nazo zikatwe.

## Hatua ya 9: Fua, piga pasi, tunza

Shati la kaskazi huvaliwa mara moja. Usilirudishe kabatini eti halijachafuka.

Madoa ya manjano ya kwapani hutokana zaidi na jasho kuchanganyika na dawa ya kuzuia jasho. Changanya siki nyeupe na maji kwa kiasi sawa, loweka sehemu hiyo nusu saa, piga brashi taratibu, kisha fua kwa sabuni. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo haisaidii hapa, na mara nyingi hulizidisha doa.

Tahadhari kubwa: siki na dawa ya klorini visikutane kamwe kwenye beseni moja. Vinatoa gesi ya sumu.

Kama maji ya kisima chenu yana chumvi, sabuni haitoi povu vizuri na nyeupe hufifia. Fulia hayo ukitaka, lakini suuza mara ya mwisho kwa maji matamu. Anika nguo ikiwa imegeuzwa ndani nje, kivulini penye upepo. Jua letu linakula rangi, na bega la shati ndilo la kwanza kupauka.

Zipu za chuma zisugue kwa mshumaa mara mojamoja, zisishike kutu. Kabla ya masika, kagua kabati: nguo iliyowekwa na unyevu itaota koga. Acha nafasi kati ya hanga na hanga.

Pasi: shati liwe na unyevu kidogo. Anza na kola, kutoka nchani kuelekea katikati ili isijikunje pembeni, kisha mikono, kisha mwili. Pasi ya makaa ipulizie nje kabla hujashika nguo, majivu yasidondoke. Ukimaliza, litundike hadi lipoe. Shati likivaliwa moto, linajikunja kabla hujafika mlangoni. Ukitaka, lifukize udi kidogo baada ya pasi. Marashi juu ya jasho usijaribu.

Umefaulu ikiwa saa kumi jioni shati linaonekana limevaliwa, lakini halijachoka.

## Ukikwama

"Shati linanikaa ila bado naonekana mdogo." Angalia kichwa na mgongo. Ndevu za mabaka zinyolewe au zikatwe ukingo. Kamba za plastiki mkononi na cheni tatu zivue, ubaki na saa moja ya mkononi.

"Nafanya kazi ya kuongoza wageni na nataka wanikumbuke." Chagua kitu kimoja chenye rangi, kofia ya kushonwa kwa mkono kwa mfano, na vingine vyote vitulie.

"Fundi ameharibu." Usigombane barazani. Peleka nguo ndani, mwonyeshe kwa futi, mwombe atoe ile akiba ya mshono. Hii ndiyo sababu nilikwambia upeleke nguo moja kwanza.

"Lini nipeleke kazi?" Epuka Mfungo Sita, maana wageni wa Maulidi wanakuja na kila mtu anataka kanzu mpya. Kwa Idd, mpelekee fundi Shaabani ikiwa bado changa. Katika kumi la mwisho la Ramadhani hata akikupokea atashona usiku, akiwa na kanzu za mtaa mzima mbele yake. Ukichelewa hadi hapo, mpe mashati ya kupunguza ubavuni tu, na suruali uziache hadi Idd ipite. Mshono wa kiuno uliofanywa mbiombio hufumuka siku ya kwanza ukikaa mkekani.